Mirambo na Sikio la Bibi

Kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Samuye kuna sentensi ambayo haimalizi wiki bila kusemwa: nchi hii inahitaji Mirambo mmoja tu. Husemwa bei ya dengu ikianguka. Husemwa mwenye leseni akija na karatasi zake kuwaondoa vijana kwenye maduara waliyoyachimba kwa sururu. Juzi aliisema kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Mwakitolyo mikono mitupu, baada ya miezi minne ya kushuka kwenye shimo lisilotoa kitu. Aliisema bila kuinua macho kwenye simu, alikokuwa akicheza mchezo wa vita vya sayari za mbali, ambamo kamanda mmoja anateka dunia moja baada ya nyingine, na askari wake wakifa hurudi tena kwa kubonyeza kitufe. Wazee waliokaa kwenye benchi waliitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nawahi gari la Shinyanga. Sasa naona nilikosea kunyamaza, maana sentensi ile si ya kijiwe chetu peke yake. Nimeisikia stendi ya Kahama, nimeisikia Geita kwenye foleni ya karasha, na nimeisikia kwa watu wenye shahada.

Nitaieleza kwanza jinsi wanaoiamini wangependa ielezwe.

Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, akaitwa Mtyela Kasanda, akarithi utemi mdogo wa Uyowa. Kutoka hapo, kwa bunduki, kwa pembe za ndovu na kwa akili kubwa ya vita, alikusanya chini ya mkono wake sehemu kubwa ya magharibi ya Unyamwezi. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora waliokuwa wakijiona wenye nchi, akafunga njia ya kwenda Ujiji, na Sultani Barghash wa Unguja akalazimika kupeleka askari ambao hawakumng'oa. Hakuna aliyemshinda mpaka maradhi yalipomuua, Ikonongo, tarehe 2 Desemba 1884. Henry Morton Stanley, aliyeukimbia moto wake mwaka 1871, alirudi mwaka 1876 akachanjana naye undugu wa damu, na ndiye aliyempa jina la Bonaparte. Kwa hiyo, wanasema, huyu aliwaunganisha watu, alipigana na biashara ya utumwa, aliwakataa wageni, na kama angeishi miaka kumi zaidi Wajerumani wasingeikanyaga Tabora.

Tarehe hizo ni za kweli. Ninachobishia ni mzigo uliofungwa juu yake.

Nami nitampima kwa kipimo ambacho sikukitoa ng'ambo. Wasukuma tuna kamanda wetu wa hadithi, Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi, akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto alipokua akauliza: watu wako wapi? Akaliwinda zimwi, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka wazima pamoja na ng'ombe wao. Hadithi nyingi za ushindi huishia hapo, kwa ngoma na vigelegele. Yetu inaendelea. Katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Na Masala Kulangwa, aliyeokoa kila mtu, ilimbidi alishughulikie sikio lile. Akatafuta dawa mpaka bibi akapona. Waliotusimulia hadithi hii walijua kwamba mtu anaweza kuwa mwokozi na bado akadaiwa sikio, na kwamba wingi wa waliookolewa haufuti deni hilo. Ninaposoma habari za Mirambo nayatafuta masikio yaliyokatwa, na nayaona mengi. Dawa ndiyo siioni.

1. Kwamba alikuwa Bonaparte

Jina hili tulivikwa. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa kumtafuta Livingstone, na vita vilikuwa vimemzibia njia. Agosti 1871 akajiunga na jeshi la Waarabu ili njia ifunguliwe upesi. Waliiteka kijiji cha Zimbizo. Kisha kikosi chao kilichoongozwa na Saud bin Said kikaivamia Wilyankuru, kikawa kinarudi kimebeba pembe na mateka, na Mirambo akawasubiri kwenye nyasi ndefu kando ya njia. Saud akauawa, waliobaki wakatawanyika, na Stanley akakimbia nao hadi Mfuto. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, na kuchoma sehemu ya mji.

Mtu aliyekimbia ana kila sababu ya kumkuza aliyemkimbiza. Ukiwaandikia wasomaji wa New York kwamba umeshindwa na mtemi wa Uyowa, wasomaji hao hawamjui, na aibu inabaki kwako. Ukiwaandikia kwamba umekutana na Bonaparte, kushindwa kwako kunapata heshima. Jina lilitungwa kwa faida ya mwandishi, nasi tumelibeba miaka mia moja na hamsini tukidhani ni nishani yetu.

Tena tumelibeba bila kumtazama mwenye jina. Napoleon ndiye aliyeurudisha utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa mwaka 1802, baada ya mapinduzi kuufuta. Mwaka 1812 aliingia Urusi na mamia ya maelfu ya askari, akatoka na mabaki yao. Mwaka 1815 alishindwa Waterloo, na mwaka 1821 akafa mfungwa katika kisiwa cha St Helena. Mzee anayemwambia mjukuu wake kwamba babu zetu nao walikuwa na Napoleon anampa mtoto sifa gani hasa?

2. Kwamba alipigana na utumwa

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloingia kichwani mwa mtoto kwa urahisi zaidi. Waarabu walikuwa wauza watumwa, Mirambo aliwapiga Waarabu, basi Mirambo alipinga utumwa. Hesabu hiyo ni nyepesi mno.

Vita vile vilikuwa vita vya njia na pembe. Neno hongo, ambalo siku hizi tunalitumia kwa rushwa, wakati ule lilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite nchini mwake. Aliyekuwa na njia alipata hongo. Aliyepata hongo alinunua bunduki na baruti. Aliyekuwa na baruti alimnyang'anya jirani yake njia. Unyanyembe, utemi wa Tabora, ilikwisha kuyaona hayo kabla ya Mirambo. Mtemi wake Mnywa Sele alipojaribu kuwatoza Waarabu wa Tabora, walipigana naye, wakamtoa kwenye kiti, wakamweka Mkasiwa aliyekuwa tayari kuelewana nao. Mirambo alilisoma somo lile vizuri. Alitaka misafara ipite kwake, kwa masharti yake, na mapato yaingie ghalani mwake. Kuiua biashara yenyewe hakukuwa na maana kwake, kwa kuwa ndiyo iliyompa bunduki.

Ndiyo maana vita vilipochosha pande zote, katikati ya miaka ya 1870, alifanya amani na watu walewale na pembe zikaanza kupita tena. Ndiyo maana Tippu Tip, aliyeijua misafara ya pembe na watumwa kuliko mtu yeyote wa zama zake, aliweza kuwa na urafiki naye, na katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili hamtaji kama adui wa biashara. Na ndiyo maana ndani ya himaya ya Mirambo mwenyewe mateka hawakuachiwa huru. Kijiji kikitekwa, wavulana wenye nguvu waliingizwa jeshini, wanawake na watoto wakagawiwa wapiganaji. Mwanamke aliyetolewa kwao Usagusi au Ukonongo kwa kamba shingoni hakuwa na faida yoyote kwa kuwa aliyeishika kamba hiyo alizaliwa Uyowa na si Maskati.

Sisemi alikuwa mkatili kuliko wenzake wa wakati ule. Watemi, Waarabu, Wangoni, wote waliishi ndani ya soko lilelile. Ninachokataa ni kumtoa mtu mmoja sokoni, kumvika kanzu nyeupe na kumwita mkombozi wa waliokuwa wakiuzwa humo.

3. Kwamba aliwaunganisha watu

Kuunganisha ni neno zuri, kwa hiyo tuangalie lilifanyikaje. Jeshi lilikuja alfajiri. Mtemi aliyesalimu amri alibaki na kiti chake, akaanza kupeleka pembe na vijana. Aliyekataa aliuawa, na kiti akapewa ndugu yake aliyekubali. Kisha jeshi likaondoka, kwa sababu lilikuwa na pengine pa kwenda. Utii ulidumu muda uleule ambao hofu ilidumu. Mtemi aliyesikia kwamba Mirambo yuko mbali, kwenye vita vingine, alijaribu bahati yake, Mirambo akarudi, damu ikamwagika mara ya pili mahali palepale. Miaka yake ya mwisho, alipokuwa ameshachoka na koo linamsumbua, bado alikuwa vitani na majirani, hata huku upande wetu wa Kahama. Himaya ambayo baada ya miaka ishirini bado inaungwa kwa bunduki kila msimu haijaungana.

Watu wa kawaida waliishije ndani ya umoja huo? Vijiji vilizungushiwa maboma ya magogo na minyaa, watu wakajibana ndani. Shamba la mbali na boma lilikuwa hatari kwa mwenyewe, hasa kwa mama aliyekwenda kuvuna na mtoto mgongoni. Mkulima yeyote wa Samuye anaelewa nikisema kwamba mtama haungojei vita viishe. Ukipitwa na siku za palizi, mwaka wako umekwisha. Gharama hii haiko kwenye hadithi za vita, kwa sababu njaa haina kamanda wa kuimbwa.

Nitoe hapa jambo dogo linalowachanganya watu wa kwetu. Mji wake mkuu wa awali uliitwa Iselamagazi, na Iselamagazi ndilo jina la mahali yalipo makao makuu ya halmashauri yetu ya Wilaya ya Shinyanga. Nimemsikia mtu mzima akiwaambia watoto kwamba Mirambo alitawala akiwa pale, ndani ya wilaya yetu. Ni mahali pawili tofauti. Iselamagazi ya Mirambo ilikuwa Unyamwezi magharibi. Lakini kosa hilo linaonyesha tunavyotamani kumsogeza karibu, awe wa kwetu, bila kujiuliza waliokuwa karibu naye kweli walitamani nini.

Turudi kwenye umoja. Desemba 1884 alikufa. Ndugu yake Mpandoshalo akashika kiti, lakini hakushika kitu kingine: watemi wakaanza kujitoa mmoja mmoja, na mwaka 1890 Mpandoshalo naye akawa amekufa. Wajerumani walioingia Tabora mwaka huohuo hawakukuta upande wa Urambo, nchi ya Mirambo, himaya ya kuvunja. Ilikwisha kuvunjika yenyewe, kwa miaka sita tu.

Wapenzi wa Mirambo hujibu kwamba zama zile hazikuruhusu kitu cha kudumu. Si kweli, na ushahidi uko kusini mwake, Ukimbu. Huko alikuwako kamanda mwingine wa wapiganaji walioitwa rugaruga, Nyungu ya Mawe, mtu mwenye chongo na mkali, ambaye nami sina nia ya kumpamba, maana naye alianza kwa uporaji. Lakini Nyungu aliigawa nchi aliyoiteka, akaweka watwale, kila mmoja na eneo lake, wakakusanya pembe na kuzileta, wakawajibika kwake na si kwa ukoo wa kitemi waliokuta pale. Naye alikufa mwaka 1884. Mwanamke wa ukoo wake, Mgalula, akakaa kwenye kiti na dola ikasimama mpaka Wajerumani walipoikuta. Hapo tuna watu wawili, zama zile zile, silaha zile zile, majirani. Mmoja aliacha utaratibu ambao mwanamke aliweza kuurithi na kuutumia. Mwingine aliacha jina. Nimeuliza watu kumi pale kijiweni na sokoni Tinde kama wanamjua Mgalula, na hakuna aliyemjua hata mmoja.

4. Kwamba aliwakataa wageni

Hapa sitakaa sana, kwa sababu jambo lenyewe ni la wazi kwa yeyote aliyesoma kurasa mbili. Mirambo aliwatafuta wageni. Alimkaribisha mfanyabiashara wa Kiswisi, Philippe Broyon, na kumfanya mtu wa nyumbani. Alimtumia ujumbe John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja, akitaka urafiki. Mwaka 1879 aliwapokea wamisionari wa London Missionary Society, na daktari wao Ebenezer Southon akaishi Urambo mpaka alipofariki mwaka 1882. Mambo yaliharibika mwaka 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa na wapiganaji wa upande wake katika shambulio la kijiji, na Kirk akamgeuzia kisogo. Mirambo alijitahidi kuurudisha urafiki ule, hakufanikiwa.

Simlaumu kwa hilo. Mtawala aliyetaka kuipita Tabora alihitaji mlango mwingine wa kwenda pwani. Lakini aliyepigana na Wajerumani kweli, mpaka mwisho, alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe, jirani na hasimu wa Urambo, wa nyumba ileile ambayo hadithi yetu huiita vibaraka wa Waarabu. Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na askari wa Tom von Prince, Isike aliwasha baruti akajilipua. Pale kijiweni hakuna anayesema nchi inahitaji Isike mmoja. Tumempa Mirambo kifo cha Isike, tukamwacha Isike bila kitu.

5. Kwamba alikuwa na jeshi la mashujaa

Sasa nafika kwa kijana wa Mwakitolyo.

Rugaruga walikuwa nani? Walikuwa yatima wa vita, mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani na misafara, vijana wasio na ng'ombe wa mahari wala mzee wa kuwasemea. Wengine walijifunza vita kwa Wangoni, Watuta waliokuwa wamekaa pande za Runzewe, leo mkoa wa Geita, ambao Mirambo alishirikiana nao. Walivaa nguo nyekundu, manyoya kichwani, wakavuta bangi kabla ya kushambulia. Mshahara wao ulikuwa kile watakachokipora. Jina la kamanda wao, alilojipatia vitani, maana yake ni maiti.

Stanley alipokutana naye Aprili 1876 alimkuta mtu mpole, wa sauti ya chini, na akamuuliza kuhusu jeshi lake. Mirambo alimweleza kwamba anapendelea vijana wadogo kuliko watu wazima: macho yao ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na zaidi ya yote hawana mke na watoto wa kuwafikiria. Watu hulisoma jibu hilo kama hekima ya kijeshi. Mimi ni baba, na sikuweza kulisoma hivyo. Mtu anayesema askari wake bora ni yule asiye na wa kumlilia amejua fika anachokifanya. Anachagua watu ambao wakifa hakuna atakayekuja mlangoni kudai. Hawa ndio ambao sikio lao likikatwa hakuna bibi wa kukasirika.

Na mchezo wa simu unafundisha jambo hilohilo. Ndani yake askari ni idadi. Kikosi kikiisha unaongeza kingine. Kamanda hachoki, haulizwi, na ukizima simu hakuna kaburi. Sina ugomvi na michezo, kijana ana haki ya kupumzisha akili baada ya miezi minne chini ya ardhi. Ninalolisema ni kwamba Mirambo wa kijiweni ametolewa kwenye mchezo huo na si kwenye historia. Ni kamanda wa kubuni aliyeazimwa jina la mtu aliyeishi, na wanaomtaka hujiona wamekaa kwenye kiti chake wanatoa amri. Kijana yule ana miaka kumi na tisa, hana ng'ombe, hana mke, baba yake alishafariki. Mwaka 1871 asingekuwa Mirambo. Angekuwa tumbo chini kwenye nyasi za Wilyankuru, bunduki ya gumegume mkononi, na jina lake lisingeandikwa popote.

Mchimbaji anaielewa kazi ya namna hiyo. Anashuka kwenye duara la mtu mwingine, hana mkataba, analipwa mawe yakipatikana, na kamba ikikatika mwenye duara hutafuta mwingine siku ya pili. Vijana wetu hulalamika juu ya hilo, na wana haki. Sasa itakuwaje mtu yuleyule anayelia kwamba uhai wake hauna thamani kwa mwenye duara amtamani kiongozi ambaye jeshi lake lilijengwa juu ya msingi huohuo?

Tazama pia jeshi lile lilikwenda wapi. Mtu aliyefundishwa kuishi kwa bunduki na uporaji, kamanda wake akifa, hutafuta kamanda mwingine. Wajerumani walipofika walikuta rugaruga tele wa kukodi. Waliwatumia katika vita vyao vya kuitwaa nchi, wakawatumia kusini wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, mashamba na maghala yalipochomwa na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na wakawatumia tena katika vita vya 1914. Wale tunaoambiwa kwamba wangewazuia Wajerumani, wenzao na warithi wao waliwabebea bunduki.

6. Kwamba taifa linahitaji mashujaa

Hii ndiyo hoja ya mwisho ya wasomi, nao huitoa kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni asiamshe mtoto aliyelala. Wanasema: baada ya uhuru tulihitaji majina yetu badala ya magavana. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walifanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba tulikuwa na siasa na vita vyetu kabla ya mkoloni, nao walikuwa sahihi. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna Mtaa wa Mirambo, ndiyo maana Tabora kuna kambi ya Mirambo na sekondari ya Mirambo. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba jina hufundisha, hata pasipo mwalimu. Mtoto anayekulia kwenye majina ya makamanda hujifunza kwamba ukuu ni kuteka, na kwamba kuhojiwa ni kazi ya wanyonge. Sisi wa Shinyanga tumelipia somo hilo karibuni kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, ilipoanza upande wa Kahama na kuenea huku, wizi wa ng'ombe ulipungua na watu walilala. Nami sitalificha hilo. Walikuwa na watemi wao na makamanda wao, kwa majina hayohayo. Lakini baadhi ya majeshi yale yaliwageukia akina mama waliotajwa kuwa wachawi, yakawachapa, yakawafukuza vijijini. Na mauaji ya bibi vikongwe, wengi kwa kosa la macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi, yaliendelea katika mkoa huu miaka mingi baadaye. Bibi wa hadithi yetu alikatwa sikio kwa bahati mbaya na akatafutiwa dawa. Hawa walikatwa kwa mapanga, kwa makusudi.

Kama ni lazima tuwe na jina la kumfundishia mtoto uongozi, liko moja lililofungamana na mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu. Hakutoa amri ya kutesa. Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliokufa walikufa chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa nchi. Tabora, mji huohuo wenye kambi ya Mirambo, uwanja wa mpira unaitwa Ali Hassan Mwinyi, na vijana wa kijiweni wanaujua kwa sababu ya ligi. Nilipomweleza yule kijana kwa nini mtu yule aliacha uwaziri, na kwamba baadhi ya maiti zile zilikuwa za hapa Shinyanga, aliweka simu mfukoni akaniuliza kama familia zao zililipwa chochote.

Ni swali ambalo katika habari zote za vita vya Mirambo nilizosoma sijakuta mtu akiliuliza.